Msitu wa asili wa shule: kwa nini kufagia kunauumiza, na kwa nini daftari ni zana muhimu kuliko jembe

Nianze na ufagio. Shule niliyosoma ilikuwa na kamsitu nyuma ya madarasa, msitu wa asili kabisa sio wa kupandwa, na siku ya usafi tulikuwa tunapangwa kwenda kufagia chini ya miti mpaka udongo unabaki mtupu, tunakusanya majani tunachoma, matawi yaliyoanguka tunaburuta nje, mwalimu wa zamu akipita anasifia kwamba sasa panapendeza. Hakuna aliyetuambia, na sidhani kama kuna aliyejua, kwamba tulikuwa tunaupokonya msitu chakula chake kila wiki, na miaka imepita lakini jambo hili bado linaniuma kwa sababu tulikuwa watoto wenye nia njema na nguvu za kutosha, tulichokosa ni mtu wa kutuambia tunatazama nini.

Nenda msituni sehemu ambayo haijafagiwa, chuchumaa, funua majani kwa mkono taratibu. Juu kabisa unakuta majani makavu mazima, ukiyashika yanakwaruza. Chini yake yamelowa, yamelegea, mengine yamebaki mishipa tu kama wavu, na katikati yake kuna nyuzi nyeupe nyembamba sana zinazoshika jani moja na lingine, hizo ndo kuvu, na ndo zinazofanya kazi ya kuozesha. Funua tena kidogo unafika kwenye mboji nyeusi, yenye ile harufu ya ardhi baada ya mvua, na hapo utaona vijidudu vinakimbia mwanga kila upande, jongoo, chawa wa mbao, vitu vingine havionekani bila lenzi. Hilo tabaka la sentimita chache ndo stoo ya msitu. Kwenye misitu mingi ya tropiki sehemu kubwa ya virutubisho haikai chini sana ardhini, inazunguka hapo juu juu, jani linaanguka linaoza mzizi unanyonya jani jipya linaota, ukifagia umekata mzunguko. Na yale matawi na magogo tuliyokuwa tunatupa nje, watafiti wanakadiria kwamba kama theluthi moja ya spishi za wadudu wa msituni duniani zinategemea mti uliokufa kwa namna moja au nyingine, kwa hiyo gogo linalooza sio uchafu, ni nyumba za viumbe vingi kuliko mti uliosimama pembeni yake.

Sasa hapa ndo panapoanza kuchanganya watu, maana kutunza shule ni kufagia, kupalilia, kupogoa, kupaka chokaa, na kutunza msitu mara nyingi ni kuacha. Ila sio kuacha kila kitu. Kuna vitu ukiviacha msitu unakufa. Kujua kipi uache na kipi ushughulikie ndo elimu yenyewe.

Kwanza hilo neno asili. Wengi tunadhani mti wa asili ni mti mzee, au mti tuliokuta upo. Mkaratusi unaweza kuwa na miaka 80 na babu zako wakaupanda wao, bado asili yake ni Australia na visiwa vya jirani yake. Asili sio umri, ni uhusiano wa spishi na mahali: ilifika hapo bila kuletwa na binadamu na imeishi na viumbe wa hapo muda mrefu kiasi kwamba wadudu wanajua kuichavusha, ndege wanajua tunda lake, na hata maadui zake wapo. Na inaenda mbali zaidi, mti unaweza kuwa wa asili wa nchi yako lakini sio wa msitu wenu, mti wa mlimani ukiupanda pwani ni mgeni tu. Halafu tofautisha na wingi wa miti. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwenye tathmini yake ya mwaka 2020 lilihesabu hekta kama bilioni 4.06 za misitu duniani, asilimia 93 ikiwa ni misitu inayojiotesha yenyewe na asilimia 7 ya kupandwa, yani mpaka leo msitu kwa kawaida ni kitu kinachojizaa. Kamsitu ka shule ni kipande cha hicho kitu, na kina tabaka zote, miti mirefu juu, ya kati chini yake, vichaka, mitambazi, miche, kuvu. Shamba la miti iliyopangwa mistari halina hayo hata likiwa na kijani kibichi namna gani.

Tatizo kubwa la msitu wa shule ni udogo, na hili watu hawalioni kwa sababu ukisimama ndani unaona miti tu. Ukingo ndo unaoua. Pale msitu unapokutana na uwanja wa mpira au barabara, jua linaingia kwa ubavu, upepo mkavu unaingia, joto la mchana linapanda, miche iliyozoea kivuli inakauka, miti mikubwa inaangushwa na upepo. Kule Brazili karibu na Manaus kuna utafiti ulioanza mwaka 1979 ukiongozwa na Thomas Lovejoy, walitenga vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 wakati mashamba ya ng'ombe yanafunguliwa kuvizunguka, wakawa wanapima nini kinatokea, na waliyoyakuta ni kwamba miti mikubwa karibu na ukingo ilikufa haraka kuliko ya katikati, mitambazi ikaongezeka, na kuna ndege waliopotea kabisa kwenye vile vipande vidogo. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mwingine ukionyesha asilimia 70 ya msitu uliobaki duniani uko ndani ya kilomita moja tu kutoka ukingoni. Kwa hiyo shule yenye kamsitu isijione ya pekee, shida yake ni ya dunia nzima ila kwake imebanwa zaidi.

Hii hesabu ningependa kila darasa liifanye kwa kamba na futi. Chukua msitu wa hekta moja wenye umbo la mraba, mita 100 kwa 100. Tuseme jua na upepo vinaingia mita 30 tu kila upande. Toa hizo 30 pande zote nne, unabaki na kiini cha mita 40 kwa 40, ambacho ni mita za mraba 1,600 kati ya 10,000, asilimia 16. Sasa hekta hiyohiyo ila ndefu, mita 50 kwa 200. Toa 30 huku na 30 kule, hamsini yote imeisha na imezidi, kiini hamna, una hekta moja ya ukingo mtupu. Alafu anakuja mtu na wazo zuri tu la kufungua njia pana katikati ili wageni wapite, na ule mraba wenye kiini kidogo unakatwa vipande viwili. Ndo maana nasema njia ipite karibu na pembeni, iwe nyembamba kiasi kwamba matawi yanakutana juu yake, ijipinde badala ya kunyooka ili upepo usipate mlango. Na vile vichaka vinavyoota ukingoni ambavyo kila mwenye panga anatamani kuvifyeka, viacheni, hizo ndo pazia za msitu, zikishonana vizuri joto linabaki nje.

Kitu cha pili kinachowakoroga watu ni kupanda. Siku ya mazingira ikifika kila mtu anataka mche na picha. Mimi sipingi kupanda, ila ndani ya msitu wa asili uliopo swali la kwanza ni kwa nini hapaoti penyewe. Niger, eneo la Maradi, mtu mmoja anaitwa Tony Rinaudo miaka ya mwanzo ya 80 alikuwa anahangaika kupanda miche na mingi inakufa, mpaka alipogundua kwamba vile vichaka vya jangwani alivyokuwa anavipita kila siku ni visiki vya miti iliyokatwa, mizizi iko hai inachipua kila mwaka na kila mwaka inakatwa au kuliwa na mifugo, na kuanzia 1983 wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache kwa kila kisiki na kuyalinda, baada ya miaka kama 20 eneo la hekta milioni 5 likawa limerudisha miti, na sehemu kubwa haikuhitaji kitalu. Kwenye kamsitu ka shule ni hivyohivyo, mbegu zimo ardhini, visiki vipo, kinachozuia mara nyingi ni kukanyagwa, moto, mbuzi, na huo ufagio.

Pia kuna jambo linalowavunja moyo watoto wasipoelezwa mapema. Chini ya mti mzazi wanakuta miche 200 wanafurahi, wakirudi baada ya miezi sita imebaki mitatu, wanadhani wamekosea. Hawajakosea. Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba karibu na mzazi ndo kuna wadudu na kuvu waliozoea kula spishi hiyo, kwa hiyo miche ya hapo inaliwa, na mbegu iliyobebwa mbali na ndege au popo au nyani ndo yenye bahati. Hii inasaidia kueleza kwa nini msitu wa tropiki una spishi nyingi zilizochanganyika badala ya mti mmoja kujaza kila mahali. Na inakuonyesha kwamba kutunza msitu ni kutunza na wabebaji, ukifukuza popo kwa mawe umefukuza mpandaji ambaye humlipi.

Ikibidi kupanda kweli, labda kwenye pengo kubwa au sehemu iliyoungua, basi mbegu zitoke humohumo au msitu wa jirani kabisa, na zikusanywe kutoka miti mingi sio mmoja, ili miche isiwe ndugu watupu. Mjapani Akira Miyawaki, aliyefariki 2021, anajulikana kwa ile namna ya kupanda miche ya asili kwa kuibananisha sana, lakini watu wanasahau sehemu ya kwanza ya kazi yake, kwamba kabla ya kupanda alienda kwenye vichaka vya zamani vilivyozunguka mahekalu kuangalia miti gani hasa ilikuwa inaota eneo lile. Kamsitu ka shule kanaweza kuwa ndo kichaka hicho kwa eneo lote linalokazunguka. Na muangalie aina ya mbegu, zipo zinazokaa mkebeni miaka na zipo ambazo ukizikausha tu umeziua, kokwa la embe na mbegu ya kakao ni za kundi hilo la pili, na miti mingi ya msitu wenye unyevu iko hivyo, leo umeiokota leo uifukie.

Kwa mimea vamizi nitakuwa mfupi, hapa hamna kuacha, hapa ni kung'oa. Lantana ndo mfano unaojulikana zaidi, imetoka Amerika ya tropiki ikasambazwa kama ua la bustani, ndege wanakula vitunda wanamwaga mbegu ukingoni. Ukiikata juu inachipua, lazima utoe kisiki na mizizi yake ya juu, na usifungue eneo kubwa kwa mara moja maana mwanga ukiingia ghafla inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Anzia pale ilipo chache, ndani ya msitu, ukisogea kuelekea ilipo nyingi. Na kabla ya kung'oa chochote, mtu anayeijua athibitishe kwanza, nimeshaona miche mizuri ya asili ikilala imeng'olewa kwa sababu ilifanana na magugu.

Sasa nifike kwenye fundo lenyewe, muda. Mti wa paa la msitu unachukua miongo mingi kufika juu. Mwanafunzi anakaa miaka minne, sita, ikizidi saba. Klabu ya mazingira inakuwa na moto mwaka huu kwa sababu ya watoto wawili wenye bidii na mwalimu mmoja, wale wawili wanamaliza, mwalimu anahamishwa, mwaka unaofuata hamna hata anayejua kwa nini kuna kamba imefungwa kwenye ule mti. Watu wanaona kutunza msitu ni kazi moja na kusambaza elimu yake ni kazi nyingine ya ziada ukipata nafasi. Kwa shule hiyo sio kweli hata kidogo, kwa sababu mtunzaji anaondoka kila mwaka, kwa hiyo usipomfundisha anayebaki, ulichofanya kinaishia siku unayobeba sanduku lako.

Chukua kupima mti tu. Kipenyo cha mti kinapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, unazungushia futi unapata mzingo unagawa kwa 3.14. Sasa mwaka huu Asha anapima kwenye kifua chake, mwakani Juma mrefu anapima kwenye kifua chake yeye, namba zinaonyesha mti umepungua unene. Miaka miwili ya kazi imepotea kwa kukosa sentensi moja kwenye daftari na mstari mmoja wa rangi kwenye shina. Ndo maana nasema daftari linazidi jembe. Daftari moja, la karatasi, jalada gumu, kila mti una namba, kila ziara ina tarehe, hali ya hewa, aliyepima, alichokiona na asichokuwa na uhakika nacho. Simu na kompyuta ni nakala, sio makao makuu, maana simu inaondoka na mwenyewe. Na sehemu tatu nne za kupigia picha zisizobadilika, nguzo ileile, upande uleule, mwezi uleule.

Mtoto atauliza kuna faida gani kuandika kila mwaka kwamba mti namba 14 umetoa maua tarehe fulani. Kule Kyoto, Japani, kumbukumbu za lini micheri inachanua zinaanzia mwaka 812, ziliandikwa na watu waliokuwa wanapanga tu sherehe zao za maua, hawakujua chochote kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2021 maua yalipofika kilele tarehe 26 Machi ndo watu wakaweza kusema hii ni mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kwenye karne 12. Anayeandika hajui kumbukumbu yake itakuja kujibu swali gani. Mikuyu na jamii yake ni pazuri pa kuanzia, zipo spishi zaidi ya 700 na nyingi zina nyigu wake maalumu wa kuichavusha, na kwa kuwa haizai yote kwa wakati mmoja wanyama wanapata matunda miezi ambayo miti mingine haina kitu. Mkiandika mkuyu upi una matunda mwezi upi, kwa miaka mitano, mmeshajua msitu wenu unalisha viumbe wakati gani, na ramani ya hivyo hakuna mtu wa nje atakayewaletea.

Kwenye kushirikisha wengine kuna mambo matatu nimeyaona yakiharibika.

Vibao. Sisi tulifunga vibao vya majina kwa waya tukaukaza vizuri usidondoke. Niliporudi miaka kadhaa baadaye nikakuta waya umemezwa, gamba limefura juu na chini yake kama shingo iliyokabwa, maana njia za kushushia sukari kutoka majani kwenda mizizini ziko hapohapo chini ya gamba. Chomeka kibao kwenye kijiti ardhini pembeni ya mti, basi.

Maneno. Kila bango la msitu siku hizi linaandika kwamba miti inaongea chini ya ardhi na mama mti analisha watoto wake. Chanzo ni kazi halali, mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake walionyesha kaboni ikihama kati ya miche ya spishi mbili kule Kanada. Lakini mwaka 2023 watafiti watatu wa fani hiyohiyo walipitia ushahidi wote wakasema yale ya mama kutambua na kulisha wanawe hayajathibitishwa msituni. Lililo hakika ni kwamba kuvu na mizizi vinabadilishana, kuvu inaleta maji na fosforasi, mti unatoa sukari, na hilo peke yake linatosha kumshangaza mtoto wa darasa la tatu ukimwonyesha zile nyuzi nyeupe kwa macho yake. Mwanafunzi anayeongoza wageni akisema hili tunalijua, hili bado linabishaniwa, anafundisha zaidi kuliko anayesimulia hadithi tamu.

Siri. Mwaka 1994 huko Australia David Noble alikuta kwenye korongo miti ambayo inayofanana nayo ilikuwa inajulikana kwa visukuku tu, yani mabaki yaliyogeuka mawe, msonobari wa Wollemi, iliyokomaa ilikuwa chini ya 100. Mahali penyewe pakafichwa. Pamoja na hayo, mwaka 2005 kimelea kinachoozesha mizizi, kinachoitwa Phytophthora cinnamomi, kikakutwa hapo, na inadhaniwa kilifika na udongo wa viatu vya watu walioingia bila ruhusa. Kwa hiyo kama msitu wenu una okidi adimu au mti ambao gamba lake linatafutwa kwa dawa, pigeni picha, andikeni daftarini, ila msiweke alama ya mahali mtandaoni. Apu ya iNaturalist, ambayo watu wanaweka picha za mimea na wanyama waliowaona, iliyoanza 2008, yenyewe inaficha mahali pa spishi zilizo hatarini, lakini picha inayoonyesha kona ya darasa na njia imeshasema kila kitu. Na wekeni brashi na ndoo mlangoni, wageni wapige viatu brashi kabla ya kuingia, watoto wanapenda sana kusimamia hilo.

Makabidhiano yenyewe yafanyike msituni, sio ukumbini. Mwezi kabla ya mitihani ya mwisho, wanaomaliza wanatembea nyuma na wadogo wanatangulia na daftari, kila mti wenye namba mdogo anaueleza, anaupima kwenye mstari wa rangi, anafunua majani na kuonyesha nyuzi. Wakubwa wananyamaza mpaka mwisho wa njia. Pale mdogo alipokwama panaandikwa kwa wino mwekundu, na wiki zilizobaki zote zinaenda kwenye hizo nyekundu.